Shajara ya mradi: chakula cha jioni uani, watu 12, na mwenyeji akiwa kitini

Jumamosi, tarehe 2: Tulikoanzia

Jana jioni tulikaribisha watu wanne kula uani. Walikula, wakacheka, wakaondoka wakishukuru. Mimi nilikula kipande kimoja cha kuku nikiwa nimesimama kando ya sinki. Jirani yetu aliniambia, "Kaa basi, ndugu yangu, mbona unatuhudumia kama tuko hotelini?" Nikamjibu nakuja, nikaenda kutafuta chumvi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Huyu mwenyeji alilala miguu ikimuuma.

Asubuhi hii mimi na mwenzangu tumekaa tukakumbuka, moja baada ya jingine, kila jambo lililoniinua mezani. Tumepata mara 19: vinywaji 7, vitu vilivyosahaulika ndani 5, jiko la mkaa 4, mishumaa iliyozimwa na upepo 2, na mara moja kutafuta dawa ya mbu. Orodha hiyo ndiyo ramani ya mradi huu. Tarehe 30 tutakuwa watu 12, na lengo ni kwamba tangu chakula kinapofika mezani hadi sahani zinapoondolewa, nisiinuke zaidi ya mara 5.

Gharama nitaziandika kwa mafungu: bajeti yote ni mafungu 100. Ukijua taa zimekula mangapi, utapanga yako kwa mfuko wako.

Jumapili, tarehe 3: Kupima

Futi kamba, kalamu, nusu saa. Kila mlaji anahitaji ukingo wa meza wa sentimita 60, kwa hiyo watu sita kila upande ni mita 3.6. Nyuma ya viti acha sentimita 90 ili mtu aweze kusogeza kiti na kuinuka. Upande ambao watu watapita na sahani, acha mita 1.2. Meza ikiwa na upana wa sentimita 90, eneo lote linafika mita 3 kwa 5 hivi. Uani pametosha, ila jiko la mkaa limekosa nafasi pale nilipozoea kuliweka. Nimechora mstari wa chokaa ardhini nikazunguka na sinia tupu kuona kama mtu anapita. Mwanangu alidhani nimeanza kucheza.

Jumamosi, tarehe 9: Meza

Meza yetu ya kulia ina urefu wa mita 1.8, yaani nusu ya ile ninayoitaka. Nusu ya pili nimeipata kwa kung'oa mlango wa stoo na kuulaza juu ya fremu mbili za mbao. Mlango una mita 2, jumla 3.8. Kitambaa kimoja kirefu kikifunika vyote, hakuna atakayejua.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, nilikata miguu ya fremu kabla ya kupima unene wa mlango pamoja na fremu yenyewe. Uso wa mlango ukasimama sentimita 71 kutoka chini, na meza ina 75. Sentimita nne unaweza kuziona ndogo hadi uweke sahani kwenye mpaka. Nimezipandisha fremu kwa vipande vya mbao nilivyovipigilia skrubu chini ya kila mguu. Usitumie matofali yaliyolegea. Mtu akiegemea kona, mlango unapaa.

La pili ni uwanja wenyewe. Kwa macho ni tambarare. Nilichukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, nikaujaza maji kama wafanyavyo mafundi ujenzi, nikakuta upande wa ukuta uko chini kwa sentimita 6 kuliko upande wa jikoni. Kwa hiyo fremu za upande huo zimeongezwa tena. Kama huna mpira, weka chungwa juu ya meza uliangalie linaelekea wapi.

Tulibishana kidogo kuhusu benchi. Benchi zinapendeza, na nilikuwa tayari nimepata mbao. Ila anayekaa katikati ya benchi akitaka kutoka, watatu wanainuka naye, na mtu asiye na pa kuegemea mgongo hakai saa tatu. Mwenzangu alisema benchi ni njia ya upole ya kufukuza wageni. Tumeazima viti.

Gharama: mafungu 7 (mbao, skrubu, msasa). Saa tano za kazi, mbili kati ya hizo za kurekebisha nilichoharibu.

Alhamisi, tarehe 14: Taa, mara mbili

Hapa ndipo pesa zilipopotea. Nilinunua taa za mnyororo za mita 10, za bei ndogo kuliko zote, bila kusoma boksi. Zilipowaka tulitazamana kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari: mwanga mweupe wenye ubuluu, kelvini 6500 (kelvini ndicho kipimo cha rangi ya mwanga kwenye boksi). Nyama ilionekana ya kijivu, na ndani ya robo saa wadudu walikuwa wamejaa kila balbu. Wadudu wengi wa usiku huvutwa zaidi na mwanga wenye ubuluu kuliko wa manjano. Nimenunua nyingine za kelvini 2700, zenye mwanga wa manjano, na tofauti imeonekana usiku uleule, kwenye sura za watu na kwenye idadi ya wadudu pia.

Za kwanza sikuzitupa. Kipande chake nimekitundika kona ya mbali kabisa ya ua, mita nane kutoka mezani. Wadudu wengi wamehamia huko, na sisi tumebaki na wachache.

Kuzitundika kuna kanuni moja niliyoipata kwa aibu: usiziache taa zijibebe kwa waya wake. Nilizifunga ncha mbili tu, nikaenda kunywa chai, niliporudi katikati pameshuka hadi kwenye paji la uso wangu. Sasa nimevuta kwanza waya mwembamba wa chuma kutoka ukutani hadi kwenye nguzo, kimo cha mita 2.5, nikauka­za, halafu taa zimefungwa kwenye waya huo kila baada ya sentimita 50. Mtu mrefu anapita, na hakuna balbu iliyo usawa wa macho ya aliyekaa.

Umeme ndio jambo la kuogopa, kwa hiyo nalieleza polepole. Ekstensheni yetu ni ile ya kuzungushwa kwenye gurudumu. Niliivuta mita nne tu, nyingine zikabaki zimezungushwa, nikachomeka taa, feni na birika la umeme kwa pamoja. Baada ya dakika ishirini gurudumu lilikuwa la moto. Waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto. Ukibeba mzigo mkubwa unaweza kuyeyusha ganda lake. Uvute wote hata kama unahitaji nusu, na birika libaki jikoni. Miunganiko nimeiinua kutoka ardhini na kuikinga na maji, taa ni za aina iliyoandikwa IP44 au zaidi, yaani zinazostahimili kurushiwa maji, na soketi ninayotumia imelindwa na swichi inayokata umeme ukivuja kwa miliampia 30. Kama nyumbani kwako swichi hiyo haipo, tumia taa za betri au za sola na uachane na waya.

Jiko la mkaa lina taa yake peke yake. Mwanga wa kimapenzi hauonyeshi kama kuku ameiva.

Gharama: mafungu 21. Nane kati ya hayo ni zile taa za hospitali.

Jumamosi, tarehe 16: Mbu

Leo tumemwaga maji ya visahani vya vyungu vya maua, ndoo iliyosahaulika nyuma ya stoo, na mfereji ulioziba majani. Tumefanya wiki mbili kabla kwa sababu kwenye joto yai la mbu huchukua wiki moja hadi siku kumi hivi kuwa mbu arukaye. Ukimwaga siku ya karamu, wale watakaokuuma wamesharuka. Tutarudia kila wiki.

Mishumaa ya harufu ya mchaichai tuliijaribu kwa jioni mbili. Inanukia vizuri, mbu nao hawakulalamika. Kilichosaidia ni feni ya kawaida ya ndani. Mbu ni mrukaji dhaifu, na upepo wa feni unatawanya pia ile pumzi yetu anayoifuata. Mara ya kwanza niliiweka usawa wa meza, leso zikaruka na mishumaa ikazimika. Sasa iko chini, inapuliza miguuni kutoka upande mmoja wa meza, na hapo ndipo mbu walikuwa wakifanyia kazi yao. Feni tulikuwa nayo, gharama sifuri.

Jumatano, tarehe 20: Chakula

Kanuni tuliyokubaliana: kitu kimoja tu ndicho kinapikwa wageni wakiwepo. Vingine vyote viwe vyakula visivyojali kupoa. Kuku wa kuchoma ndiye huyo mmoja, vipande 28. Vingine ni viazi vya kuchemsha vilivyokolezwa siki na vitunguu, kilo 3, maharage ya baridi, saladi ya nyanya, mikate mitatu, matunda. Saladi ya pili yenye krimu mwenzangu anaitaka, mimi siitaki, itakuwepo.

Kwenye mwaliko tumeuliza kila mmoja asichokula. Mmoja hali karanga, na sosi yangu ya saladi ilikuwa nusu yake karanga. Sosi imebadilika, karanga zimetoka kabisa. Kuziweka pembeni kwenye bakuli lake hakutoshi, kwa sababu kijiko hutembea.

Jumamosi, tarehe 23: Jaribio kamili, watu sita

Niliinuka mara 14. Afadhali kuliko 19, lakini walikuwa sita tu. Nitaandika kwa urefu, kwa sababu bila usiku huu tarehe 30 ingekuwa balaa.

Mkaa. Niliwasha wageni walipofika, nikiamini robo saa inatosha. Mkaa ulichukua dakika 40 hadi kufunikwa na majivu meupe, na hapo ndipo unachoma. Kabla ya hapo unawaka tu. Wageni walimaliza mkate wote wakisubiri. Halafu, kwa haraka, nikautandaza mkaa sawasawa chini ya wavu wote. Mafuta ya kuku yakadondoka, moto ukaruka, ngozi ikawa nyeusi na karibu na mfupa pakabaki pekundu. Sikuwa na pa kukisogeza kipande hata kimoja. Dawa yake ni kusukuma mkaa wote upande mmoja. Upande wenye moto ni wa kupaka rangi, upande mtupu ni wa kuivisha polepole. Na kwa watu 12 nitamwivisha kuku karibu kabisa ndani ya tanuri kisha aende motoni moja kwa moja, bila kulazwa pembeni akiwa nusu mbichi. Nimeazima kipimajoto cha nyama: nyuzi 74 katikati ya kipande kinene, bila kugusa mfupa.

Sahani. Mwanangu, kwa nia njema, alirudisha vipande vilivyoiva kwenye sinia lililobeba kuku mbichi. Tuliona kwa sababu mwenzangu alikuwa akitazama. Vipande vinne vikaenda kwenye pipa. Tarehe 30 sinia la mbichi ni jekundu, na linaondoka kwenda kuoshwa mara tu linapokuwa tupu. Hatumwachii mtu yeyote kukumbuka.

Moshi. Jiko lilikuwa mahali pazuri mchana. Jioni upepo uligeuka, meza yote ikakohoa. Jaribu upepo saa ileile utakayokula. Choma jani kavu uone moshi unaelekea wapi. Nimelihamishia kona ya kusini, chini ya anga tupu. Hata mvua ikija, jiko halihamii barazani wala ndani: mkaa unaoonekana umekufa bado unatoa kaboni monoksidi, na gesi hiyo haina harufu ya kukuamsha.

Vinywaji. Nilijaza chombo barafu nikapanga chupa juu yake. Baada ya nusu saa chupa zilikuwa baridi upande mmoja tu. Barafu peke yake inagusa chupa kwa vidoa vidoa, hewa inajaa katikati. Nilipoongeza maji hadi shingoni mwa chupa na konzi mbili za chumvi, zilizobaki zikapoa ndani ya dakika 20 hivi. Karatasi za chupa zinabanduka, acha zibanduke.

Lakini kilichoniinua zaidi ni *mahali* pa vinywaji. Vilikuwa jikoni, hatua 34 kutoka mezani, na mgeni haingii jikoni kwa mtu akajihudumia. Vikiwa kwenye meza ndogo uani, pamoja na glasi, kifungulio na kitambaa, kila mtu anajichukulia, na watu wanapata sababu ya kuinuka na kuzungumza na wengine. Katika mara zangu 14, sita zilikuwa za vinywaji.

Muziki. Spika moja kubwa mwishoni mwa meza: waliokaa karibu walipiga kelele, wa mbali hawakusikia. Nje hakuna kuta za kurudisha sauti, kila umbali ukizidishwa mara mbili inapungua desibeli 6 hivi. Spika mbili ndogo, pande mbili, sauti ya chini. Majirani tumewaambia mapema.

Viti. Mwenzangu alimwagilia maua alasiri. Viti viwili vyenye miguu myembamba vikazama taratibu hadi mgeni mmoja akawa anaangalia sahani kwa usawa wa kidevu. Alivumilia kimya kwa muda mrefu, Mungu ambariki. Vibao vidogo vya mbao chini ya miguu, na hakuna kumwagilia siku mbili kabla.

Ijumaa, tarehe 29

Kila kitu cha baridi kimepikwa na kiko kwenye friji. Kapu moja limejazwa vitu vyote vilivyowahi kunirudisha ndani: chumvi, pilipili, leso, visu viwili vya ziada, vijiko vya kupakulia, kiberiti, tochi, dawa ya mbu, mfuko wa taka. Kapu linakaa chini ya kiti changu.

Mvua: tumeamua kwamba saa sita mchana kesho ndiyo mwisho wa kuamua. Baada ya hapo, kama tuko nje, tuko nje. Bila saa ya mwisho ungeshinda ukitazama mawingu badala ya kukata vitunguu.

Jumamosi, tarehe 30: Usiku wenyewe

Wageni walialikwa nusu saa kabla ya jua kuzama, mkaa ukawashwa dakika 50 kabla ya muda wa kuchoma. Wawili walifika mapema mno. Zamani ningebabaika, safari hii mmoja alipewa mkate na kisu, mwingine mishumaa. Mishumaa iko ndani ya chupa za mdomo mpana zenye mchanga chini, na hakuna uliozimika.

Kuku alikaa motoni dakika 12, akapimwa, akaja mezani. Vyakula vingine vilikuwa vimekwisha kutandazwa, vimefunikwa kwa kawa. Nikakaa.

Mara ya kwanza kuinuka: nilisahau kijiko cha saladi ya krimu, saladi ileile. Ya pili, kugeuza feni iliyokuwa ikimpulizia mgeni mmoja sketi. Ya tatu, taa zote zilizimika. Mtu alikuwa amejikwaa kwenye ekstensheni pale inapokatiza njia, mahali ambapo nilisema nitapafunika kwa mkeka nikasahau. Tulibaki na mishumaa, na nilipoanza kukimbia mtu akasema, "Acha kwanza, tazama nyota." Nikaacha. Nilirudisha umeme baada ya dakika kama kumi, na mkeka ukawekwa. Ya nne ilikuwa barafu: nilihesabu nusu kilo kwa kila mtu, kilo 6, na iliisha mapema kwa sababu mfuniko wa chombo ulikuwa wazi muda wote. Weka kilo moja kwa kila mtu kama jioni ni ya joto.

Ya tano niliinuka kujichukulia kuku wa pili. Mwenzangu anasema hiyo haihesabiki.

Saladi ya krimu ilikaa mezani zaidi ya saa mbili, kwa hiyo nusu iliyobaki imetupwa. Chakula cha aina hiyo hakiongezewi muda kwa huruma. Umande ulianza usiku ulipoingia, anga ikiwa wazi, na mito ya viti ikawa na unyevu kabla sijaiona. Ingeingizwa ndani mapema, au mtandio utandikwe juu yake.

Jumapili, tarehe 31: Hesabu

Mafungu: chakula 46, taa 21, vinywaji na barafu 17, mbao 7, vyombo vidogo na mishumaa 5, mkaa 4. Bila kosa la taa ningebaki na mafungu 8. Saa za kazi kwa mwezi mzima ni 26, usafi wa asubuhi hii ukiwemo.

Taa nimeziacha juu. Meza imerudi ndani, viti vimerudishwa kwa wenyewe, isipokuwa kimoja chenye mguu uliolegea ambacho nakitengeneza kwanza. Mlango wa stoo bado uko uani kwenye fremu zake. Mchana huu tumekulia hapo viazi vilivyobaki, watatu tu, na mwenzangu akauliza stoo itapata lini mlango wake. Bawaba ziko kwenye kopo la skrubu. Nimesema Jumamosi, naye akasema ameshaalika watu wanne Ijumaa.